Mkono Ulipolitangulia Bawa: Uchambuzi wa Ajali Mbili za Ndege ya Kivita ya Gripen, 1989 na 1993

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinahusu aina moja ya ndege ya kivita, Gripen ya Uswidi, rubani mmoja wa majaribio, na programu ya kompyuta iliyokuwa kati yao. Katika muda wa miaka minne na nusu ndege mbili za aina hiyo zilianguka kwa tatizo la jamii moja, na mara zote mbili aliyekuwa kwenye usukani ni rubani yuleyule. Jina lake, pamoja na majina ya wahandisi na maofisa waliohusika, yameachwa kwa makusudi. Jina la ndege, nchi na tarehe vimebaki, kwa kuwa ajali zote mbili zilionekana kwenye televisheni na kuchunguzwa hadharani, na kuvificha kungekuwa kujifanya tu.

Kisa kimechaguliwa kwa ajili ya wanaojifunza uhandisi, urubani na uandishi wa programu kwa sababu ya jambo lisilo la kawaida katika taarifa za ajali: ndege ya pili ilipoanguka hakuna chuma kilichovunjika kabla ya kugonga ardhi, na kompyuta zilitenda kama zilivyoandikiwa. Rubani naye alifanya kile ambacho mkono wa rubani yeyote ungefanya.

Usuli

Mwaka 1982 Uswidi iliamua kuunda ndege mpya ya kivita itakayochukua nafasi ya Draken na Viggen, ndege zake za kivita za awali. Ilitakiwa iwe ndogo, iweze kuruka kutoka vipande vifupi vya barabara kuu wakati wa vita, na ifanye kazi tatu ambazo awali ziligawiwa ndege tofauti: kupambana na ndege za adui, kushambulia shabaha za ardhini na majini, na kupeleleza. Herufi JAS katika jina lake la kijeshi, JAS 39, ni vifupisho vya kazi hizo tatu kwa Kiswidi. Kuziunganisha katika umbo moja dogo kuliwezekana kwa kuwa tofauti kati ya kazi moja na nyingine ilihamishwa kutoka kwenye chuma na kuwekwa kwenye programu.

Uamuzi huo ulikwenda sambamba na wakati wake. Mwaka 1972 shirika la NASA la Marekani lilikuwa limerusha ndege ya F-8 iliyoongozwa kwa kompyuta ya kidijitali ya aina iliyotumika katika safari za Apollo kwenda mwezini, na ndani ya miaka michache ndege ya kivita ya F-16 ikaachana na vyuma na nyaya za kuvutwa kutoka kwenye usukani hadi kwenye mbawa. Kuna takwimu inayonukuliwa mara kwa mara katika duru za ulinzi za Marekani: katika F-4 ya mwaka 1960 asilimia 8 tu ya kazi za ndege zilitegemea programu, na katika F-22, miaka 40 baadaye, ni asilimia 80. Mtu anaweza kubishana juu ya namna kazi hizo zilivyohesabiwa, lakini hakuna anayebishana juu ya mwelekeo.

Ili kisa kieleweke ni lazima kueleza kwa nini ndege ya kivita inahitaji kompyuta ili tu ibaki hewani. Ndege ya kawaida hujirudisha yenyewe kama mshale wenye manyoya mkiani: upepo ukiinua pua, umbo la ndege linaishusha. Uthabiti huo ni mzuri kwa abiria, ila katika mapambano una gharama, kwa sababu ndege inayopenda kurudi katika mstari wake humpinga pia rubani anayetaka kuigeuza ghafla. Wabunifu wa Gripen, kama wenzao wa F-16, walichagua kinyume chake. Kitovu cha uzito na mbawa, pamoja na mabawa madogo ya mbele, vilipangwa kwa namna ambayo chini ya kasi ya sauti pua ikiinuka kidogo huendelea kuinuka. Ndege ya namna hiyo ni kama ufagio ambao mtoto ameusimamisha wima juu ya kiganja. Hauanguki mradi kiganja kinahama kila unapoanza kuinama, na mkono wa binadamu hauwezi kufanya hivyo kwa tani kadhaa za chuma zinazokwenda mamia ya kilomita kwa saa. Katika Gripen kiganja hicho ni kompyuta. Mfumo wake wa kuongoza ndege una njia tatu za kidijitali zinazohakikiana, na mfumo wa akiba wa analogi.

Rubani wa ndege hiyo, kwa hiyo, halisogezi bawa. Anasogeza kijifimbo kifupi kilicho katikati ya magoti yake, na kompyuta inasoma msogeo huo kama ombi. Inalijumlisha ombi na amri zake yenyewe za kuizuia ndege isipinduke, kisha inaiagiza mitambo ya haidroliki, inayosukumwa kwa shinikizo la mafuta, igeuze nyuso za uongozaji, yaani vipande vya mbawa vinavyogeuka, zilizo mbele na nyuma.

Mfululizo wa matukio

Ndege ya kwanza ya majaribio iliruka tarehe 9 Desemba 1988, ikiwa imechelewa zaidi ya mwaka mmoja, na sehemu kubwa ya ucheleweshaji huo ilitokana na programu ya kuongoza ndege. Tarehe 2 Februari 1989, katika safari yake ya sita tu, ilikuwa inarudi kutua Linköping, mji wa kiwanda cha Saab, mtengenezaji wa ndege hiyo, katika upepo uliokuja kwa mapigo. Karibu na ardhi ndege ilianza kuyumba, na pua ikawa inapanda na kushuka. Rubani alijaribu kuituliza, lakini kila sahihisho lake lilizaa myumbo mkubwa zaidi. Iligonga njia ya kurukia, ikaserereka na kupinduka mbele ya kamera za televisheni ya taifa. Rubani alitoka na mfupa wa kiwiko uliovunjika na majeraha madogo. Aliyeitazama picha hiyo bila kujua mwisho wake asingetegemea kwamba kuna mtu angetoka mle akiwa hai.

Majaribio yalisimama kwa miezi kumi na mitano. Programu iliandikwa upya katika sehemu zake za kuongoza mwinuko, na ikajaribiwa Marekani katika NT-33A, ndege ya zamani ya mafunzo iliyobadilishwa ili kompyuta iliyomo iweze kuifanya itende kama ndege nyingine. Ndege ya pili ya majaribio iliruka Mei 1990. Baada ya hapo kazi ilikwenda vizuri kiasi kwamba Juni 1993 ndege ya kwanza ya uzalishaji ilikabidhiwa kwa serikali.

Miezi miwili baadaye, tarehe 8 Agosti 1993, Gripen ilifanya maonyesho juu ya Stockholm wakati wa tamasha la maji la jiji hilo. Umati mkubwa ulikuwa umejaa kwenye madaraja na kando ya maji. Rubani alikuwa yule wa mwaka 1989. Akitoka kwenye mzunguko mkali, kwa kasi ndogo na karibu na ardhi, aliviringisha ndege ili kuzisawazisha mbawa, nayo ikaitikia zaidi ya alivyotarajia. Akairudisha kwa msogeo wa haraka na mkubwa wa kijifimbo. Ikapitiliza upande wa pili. Katika sekunde chache ndege iliinua pua, ikapoteza mwendo na kuacha kumtii. Rubani alivuta mpini wa kiti cha kujirusha na kushuka kwa mwavuli. Ndege yenyewe ilianguka kwenye kisiwa cha Långholmen, katikati ya jiji, karibu na daraja lililojaa watu. Mtu mmoja tu chini alijeruhiwa, na hakuna aliyekufa.

Kilichotokea ndani ya programu

Hapa ndipo penye uzito wa kisa, na inafaa kwenda polepole.

Mtambo wa haidroliki unaogeuza uso wa uongozaji una mwendo wake wa juu kabisa, yaani digrii kadhaa kwa sekunde na si zaidi. Rubani akiomba msogeo wa taratibu, uso unamfuata mkono bila pengo. Akiomba haraka kuliko mwendo huo, uso unakimbia kadiri uwezavyo huku mkono ukiwa umeshatangulia. Wataalamu huita hali hiyo kufikia ukomo wa kasi. Peke yake haionekani kuwa ya hatari, kwani ni ucheleweshaji wa sehemu ndogo ya sekunde.

Hatari inaingia rubani anapogeuza mkono. Tuseme ameomba uso uende digrii ishirini juu, na umefika kumi pale anapoona ndege imezidisha na kuanza kurudisha kijifimbo. Kwa mantiki ya kawaida ya programu, ombi lake limeshuka hadi, mathalani, kumi na tano, lakini kumi na tano bado ni zaidi ya kumi, kwa hiyo uso unaendelea kupanda. Mkono wa rubani unasema shuka, nao uso unapanda, mpaka ombi na hali halisi vikutane njiani. Nahodha wa jahazi anaijua hali inayofanana na hii: akizungusha usukani wa chombo kizito na kukiona hakigeuki, anauzungusha zaidi, kisha chombo kinapoanza kugeuka kinageuka kwa amri zote mbili kwa pamoja. Nahodha ana nafasi ya bahari ya kurekebisha kosa. Rubani aliye karibu na mapaa ya nyumba hana, na kwa silika anasukuma kijifimbo kwa nguvu zaidi upande wa pili, jambo linalolisukuma ombi mbali zaidi na uso, na kuongeza ucheleweshaji uleule uliomtisha. Mkono na ndege vinaanza kupishana, kimoja kikiulisha myumbo wa kingine.

Katika ndege thabiti rubani anaweza kujinasua kwa kuachia usukani, ndege ikatulia yenyewe. Katika ndege isiyo thabiti kuna jambo la pili lililo baya zaidi. Mwendo wa nyuso hizo ni mali ya watu wawili, kwa sababu kompyuta pia inauhitaji kila wakati ili kuizuia ndege isipinduke. Rubani anapoumaliza wote kwa maombi makubwa na ya ghafla, hakibaki kitu kwa ajili ya kuisimamisha ndege. Kiganja kilichobeba ufagio kimeshikwa na mtu mwingine. Na kwa kuwa kijifimbo hakina muungano wowote wa chuma na bawa, hakuna uzito wala mtikisiko unaoupasha mkono habari kwamba bawa limefikia ukomo wake. Marubani wa ndege za zamani waliisikia hali hiyo mkononi kabla hawajaiona machoni.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kuunda ndege isiyo thabiti hauwezi kulaumiwa kwa ajali hizi. Ndege nyingi za kivita zilizofuata zimeufanya na kuruka salama. Uamuzi wa kuifanya programu iitikie kwa nguvu misogeo ya haraka ya kijifimbo nao ulikuwa na sababu: rubani wa mapambano anataka ndege inayoruka mkono unapogusa. Tume ya uchunguzi wa ajali ya Uswidi ilikuta kwamba ukuzaji huo wa misogeo ya haraka na mikubwa ndio ulioiingiza ndege katika myumbo mwaka 1993. Sifa iliyotakiwa na hatari iliyotokea vilikaa katika mistari ileile ya msimbo, yaani maandishi ya programu.

Uamuzi unaostahili kuchunguzwa zaidi ni mwingine. Baada ya ajali ya kwanza, mtengenezaji na mamlaka ya serikali inayonunua zana za kijeshi walijua kwamba misogeo mikubwa na ya ghafla ya kijifimbo ingeweza kuizidi ndege. Walikadiria kwamba uwezekano wa jambo hilo kutokea katika urukaji halisi ni mdogo mno, na marubani hawakuarifiwa. Hoja hiyo inaeleweka ukikaa upande wa meza yao. Rubani wa majaribio hufanya kazi kwa mpango, hupanda ngazi moja baada ya nyingine, na misogeo yake ni ya kipimo. Kumwambia rubani kwamba kuna namna ya kushika usukani itakayomponyoka ni kumpa shaka ambayo huenda isingemfaa. Lakini ukadirio wenyewe ulisimama juu ya dhana kuhusu mkono wa binadamu, na dhana hiyo ilichukua picha ya mkono uliotulia. Mkono wa mtu aliyeshtushwa na ndege yake akiwa karibu na ardhi haukuwa ndani ya hesabu.

Kisha likaja suala la maonyesho. Kuruka chini, polepole, kwa kugeuka kwa ghafla mbele ya watu, ni kwenda mahali ambapo mikono huwa ya haraka kuliko kawaida na muda wa kujirekebisha ni mdogo kuliko kawaida. Ukadirio uliofanywa kwa ajili ya ratiba ya majaribio ulitumika, bila kufanyiwa hesabu upya, katika mazingira ya aina nyingine kabisa. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa kubwa la kisa hiki, kubwa kuliko lolote lililokuwa ndani ya msimbo.

Matokeo

Ndege zote zilizuiwa kuruka hadi mwishoni mwa Desemba 1993. Tiba iliyopatikana ilibadilisha namna programu inavyotenda inapofikia ukomo wa kasi. Badala ya kungoja ombi na uso vikutane, programu mpya hupima tofauti kati ya kilichoombwa na kilichopatikana, huirudisha tofauti hiyo nyuma kupitia kichujio, na kwa hiyo uso hugeuza mwelekeo mara tu mkono unapogeuza, hata kama bado uko mbali na mahali ulipoombwa kufika. Rubani anapoteza kidogo katika ukubwa wa mwitikio, anachopata ni wakati. Wahandisi walioibuni waliieleza baadaye katika mikutano ya kitaaluma, na imekuwa mfano wa kufundishia somo la udhibiti wa mifumo isiyo thabiti.

Ndege iliingia katika huduma ya kijeshi mwaka 1996. Imenunuliwa au kukodishwa na nchi kadhaa, ikiwemo Afrika Kusini iliyoagiza 26.

Uchambuzi

Kilichofaa kianze kutajwa, kwa kuwa katika mazungumzo ya ajali husahaulika. Uchunguzi wa wazi ulifanya tatizo lijulikane kwa majina yake ya kihandisi na lisiishie katika aibu ya rubani. Kupeleka programu mpya kwenye ndege inayoiga nyingine angani, mwaka 1989 na 1990, ulikuwa uamuzi mzuri pia, kwa sababu simuleta ya ardhini haimtishi mtu, na myumbo wa aina hii hulishwa na hofu kama unavyolishwa na hesabu. Hata hivyo majaribio hayo yalithibitisha kwamba tatizo la kutua limeondoka. Swali la iwapo chanzo chake, yaani ukomo wa kasi pamoja na mwitikio mkali, kimeondoka katika kila kona ya urukaji ni swali jingine, na jibu lake lilipatikana juu ya Stockholm. Walitibu dalili mahali ilipoonekana.

Inashangaza kidogo kwamba jambo lenyewe halikuwa geni. Januari 1974 ndege ya kwanza ya YF-16, toleo la majaribio la F-16, iliyokuwa ikijaribiwa kukimbia ardhini tu, ilianza kuyumba kutokana na mwitikio mkali wa mfumo wake, na rubani akaona heri aruke kuliko kuendelea kung'ang'ana nayo kwenye njia. Oktoba 1977 chombo cha anga cha majaribio cha NASA, Enterprise, kiliyumba kikitua mbele ya wageni mashuhuri, na ukomo wa kasi ulihusika. Aprili 1992, kati ya ajali mbili za Gripen, YF-22 ya Marekani, toleo la majaribio la F-22, ilianza kupanda na kushuka ikipita chini juu ya njia ya kurukia ya kambi ya jeshi la anga ya Edwards, ikaanguka kwa tumbo na kuteketea kwa sehemu. Kila mradi uliamini kwamba programu yake ni tofauti na ya mwenzake, na kwa maana ya mistari ya msimbo ni kweli. Lakini mtambo wa haidroliki una ukomo wa mwendo kila mahali, na mikono ya marubani inafanana.

Jina la tatizo nalo lilichangia. Kwa muda mrefu wataalamu waliita jambo hili myumbo unaosababishwa na rubani, na jina hilo linatoa hukumu kabla ya ushahidi. Katika miaka ya 1990 kamati ya kitaalamu ya Marekani ilipendekeza liitwe muungano wa ndege na rubani, kwa hoja kwamba mwenye kosa si mmoja wa wawili hao, bali ni namna walivyounganishwa. Mabadiliko ya msamiati yana athari ya kiutendaji: maadamu lawama iko kwa rubani, suluhisho ni kumfundisha atulie. Lawama ikihamia kwenye muungano, mhandisi analazimika kuuliza mkono ulioshtuka utafanya nini, na kuupa nafasi ndani ya programu.

Kuhusu kuarifu, utetezi kwamba uwezekano ulikuwa mdogo hautoshi hata kama ukadirio ungekuwa sahihi. Rubani aliyejua kwamba mwendo wa nyuso unagawanywa kati yake na kompyuta angekuwa na sababu ya kulegeza mkono katika sekunde ile ya kwanza, na huenda asingeweza, lakini angekuwa na chaguo. Bila habari hiyo alitenda kwa kanuni ya kawaida ya ndege zote alizopata kurusha, kwamba ndege isipoitikia omba zaidi.

Programu katika ndege za kivita imeendelea kukua. Mtengenezaji wa F-35, ndege ya kivita ya Marekani, hutaja zaidi ya mistari milioni nane ya msimbo. Katika toleo la karibuni la Gripen, la E, wabunifu wameitenga programu ya kuongoza ndege na ile ya silaha, rada na ramani, ili hii ya pili iweze kubadilishwa mara kwa mara bila kuigusa ya kwanza. Programu ya skrini inaweza kuongezewa uwezo mpya kwa haraka, ilhali inayoshika bawa inabaki katika taratibu zake za pole za kuthibitishwa, ikipimwa na mikono ya marubani walioagizwa waitumie vibaya kadiri wawezavyo.